Nilimsaidia Baba Kidogo

Nafula, mayi, mama yangu mdogo,

Umeenda kusukwa, na huyo msusi wako namjua, ana mdomo kuliko mikono, kwa hiyo nina saa nne nzima kabla hujarudi. Nimegeuza kibao cha duka kikasoma NIMEFUNGA, nimevuta pazia, na nimekaa kwenye kiti chako, kile cha kompyuta ya pili, kwa sababu changu kimelegea mguu na bado sijakitengeneza. Mteja mmoja amegonga akasema, "Baba Nafula, si naona miguu yako hapo chini?" Nimenyamaza mpaka akaenda zake. Leo sifanyi kazi ya mtu mwingine.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Kigali kuanza kazi. Habari za blanketi, pasipoti na dawa ya tumbo mama yako ameshakwambia, atakwambia tena jioni, na atakwambia tena kituoni mbele za watu. Mimi siongezi hapo. Nina jambo moja tu, nimelibeba tangu mwezi wa tatu, na nikijaribu kulisema kwa mdomo nitaligeuza mzaha, maana unanijua. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Linahusu ile programu ya zahanati. Nataka uondoke hapa ukijua ni ya nani.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Kabla hujazaliwa, mimi na mama yako tulikaa Soweto West, hapahapa Nairobi, chumba kimoja cha mabati chenye dirisha moja la ubao, linalofungwa kwa msumari uliopindwa. Mezani palikuwa na kompyuta niliyoiunda kutoka kwa maiti tatu za kompyuta nyingine. Nilikuwa na kitabu cha kufundisha kutengeneza programu, kimeng'oka jalada na kurasa za mwisho, kwa hiyo kila somo nililijua mwanzo wake na mwisho wake nikaubuni. Hivyo ndivyo baba yako alivyosoma. Hata maneno ndani ya programu niliyaandika kwa Kiswahili, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniambia kwamba wengine hawafanyi hivyo.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya Mzee Njuguna, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, na saiba, duka la kukodisha kompyuta, huku kwetu Kabiro. Kila mteja akikaa, programu ilimfungulia dirisha dogo la kumwonyesha muda wake. Akiondoka, dirisha lilipaswa kuisha. Lakini mimi niliogopa kuyaua yale madirisha. Nilijiambia, je, yakihitajika tena? Basi nikawa nayaficha tu. Yakishaacha kuonekana, mimi nahesabu yameisha, kumbe yako palepale nyuma, kila moja limeng'ang'ania kipande chake cha kumbukumbu ya kompyuta. Kufika alasiri mashine ilikuwa inahema. Mzee Njuguna ananipigia simu: "Wewe fundi, hii kitu yako inakula na haishibi." Nakuja, nazima, nawasha, naondoka na kifua mbele. Nililaumu umeme miezi mingi sana kabla sijatambua kwamba kosa ni langu.

Sasa mtu kama mimi akiona aibu upande mmoja hukimbilia upande wa pili bila kusimama katikati. Nilipopewa kazi ya kuitengenezea zahanati ya Soweto East programu, nilikata shauri kwamba hakuna dirisha litakaloishi bila ruhusa. Kulikuwa na dirisha la Foleni, lenye majina ya wagonjwa wanaosubiri. Ukibonyeza jina, inafunguka kadi ya mgonjwa huyo katika dirisha lake. Ukibonyeza pengine, linafunguka dirisha la dawa. Foleni nikaiandika kuwa mzazi, na hayo mengine yote nikayaandika watoto. Mzazi akifungwa, watoto wote wanakufa papo hapo. Niliona nimefanya kazi safi. Nilijisifu mpaka kanisani.

Halafu akaja Sista Rhoda. Unamjua, lakini nataka nikusimulie jambo lile jinsi mimi nilivyoliona, maana wakati ule nilikusimulia vingine. Sista ndiye anayekaa pale mapokezi. Watu wakijaa, wanaegemea kaunta na kusoma majina kwenye skrini, fulani amekuja, kwani anaumwa nini. Yeye akiona shingo zimeanza kurefuka, anaifunga Foleni ili kuwafichia watu siri zao. Ni jambo la heshima kabisa. Na akiifunga, kadi zote zilizo wazi zinatoweka, pamoja na ile aliyokuwa katikati ya kuiandika. Mama mwenye mtoto wa homa mgongoni anaambiwa aanze tena, jina, umri, dawa zinazomdhuru mtoto. Ilipotokea mara ya tatu katika wiki moja, Sista aliniita akaniambia mbele ya watu, "Baba Nafula, hii program yako ni kama caretaker wa plot. Anafunga geti na watu bado wako ndani."

Unajua nilichofanya. Niliandika ilani. Mimi na ilani! Hapa dukani peke yake nina USIKALIE MEZA, nina FLASHI YAKO ISIWE NA VIRUSI, nina NGOJA ZAMU HATA KAMA UNA HARAKA. Mama yako husema ningepata nafasi ningebandika moja ya kukataza mvua. Basi nikaandika kwa kalamu nyekundu USIFUNGE FOLENI, nikaigundisha juu ya skrini ya Sista Rhoda, nikakunja mikono.

Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unangoja matokeo, na siku hiyo nilikuwa nimekuleta unisaidie kubeba printa. Uliisoma ile ilani. Ukaisoma tena. Tulipotoka nje ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, shida iko kwa program ama iko kwa Sista?"

Nilikasirika, Nafula. Nilikwambia ubebe printa. Tulitembea mpaka barabara kuu, na njia nzima nilikuwa nikitafuta jibu la kukunyamazisha, na sikulipata kwa sababu halikuwepo.

Kesho yake nilikukuta kwenye kiti hiki nilichokalia sasa, umefungua programu yangu, unaisoma mstari kwa mstari na kalamu mdomoni. Ulikaa hapo wiki mbili. Nilijifanya sikuoni, lakini kila ulipoenda msalani nilikuja kuchungulia. Ulikuwa umeunda wagonjwa wa uongo ili uijaribu. Mmoja ulimwita Baba Nafula, na mahali pa ugonjwa ukaandika: kichwa ngumu. Nilirudi kwenye kiti changu polepole nisije nikacheka.

Jaribio lako la kwanza lilikushinda, na nakiri nilifurahi kidogo. Ulikata tu kamba ya mzazi na watoto, ukaliacha kila dirisha lijitegemee. Foleni ikifungwa, kadi zinabaki. Vizuri. Lakini ukifunga kila kinachoonekana, programu yenyewe haifi, inabaki inapumua bila uso. Mtu anaiwasha tena akidhani ilizimika, sasa ziko mbili. Kadi ya mgonjwa yuleyule inafunguka mara mbili, moja ina habari za leo, nyingine za jana, na ile ya jana ikihifadhiwa mwisho inafuta ya leo. Uliliona tatizo hilo hapahapa dukani kabla ya kumfikia mgonjwa wa kweli. Mimi ningeliona baada ya Sista kunipigia simu. Hiyo ni tofauti moja kati yetu, na leo naitaja bila kulazimishwa.

Nikakwambia, "Si nilijua? Mtoto lazima awe na mzazi."

Nawe, bila kugeuka, ukasema, "Foleni si mzazi wao, Baba. Ni mpangaji tu kama hao wengine."

Halafu ukanieleza kwa mfano wa ploti yetu. Hakuna mwenye ploti anayeishi humu. Kila chumba na mambo yake, huyu anahamia, yule anahama, na kuhama kwa Mama Shiro hakumtoi mtu mwingine chumbani kwake. Kuna balbu moja ya korido ya watu wote, na anayetoka wa mwisho asubuhi ndiye huizima. Ukasema programu inahitaji kitu kama hicho. Ukaiwekea daftari. Kila dirisha likizaliwa linaandikwa humo, likifungwa linafutwa, na daftari likibaki tupu, ndipo programu inajizima. Mtu akiomba kadi ambayo tayari iko wazi, daftari linasema iko hapa, na ileile inavutwa mbele badala ya kuzaliwa ya pili. Na dirisha lenye maandishi ambayo hayajahifadhiwa halikubali kufungwa kimyakimya, linauliza kwanza. Ukaongeza kwamba jina la dirisha likifutwa lifutwe kweli, pasiwe na mahali popote programu bado imelishikilia dirisha ambalo halipo. Hapo nikamkumbuka Mzee Njuguna na mashine yake inayohema. Robo saa, mayi. Jambo lililonizungusha miaka yote ile ulinieleza kwa robo saa, huku ukila karanga.

Kisha ukapita ndani ya programu yote, kila palipoandikwa watoto ukafuta, ukaandika wapangaji.

Nilikwambia huo ni utani wa kijinga. Ulidhani nimeudhika kwa ajili ya programu. Sivyo. Niliogopa. Nilitazama lile neno likipotea kwenye skrini, moja baada ya jingine, nikajiona mimi mwenyewe. Hata nyumba yetu nilikuwa nimeitengeneza vilevile. Ukitaka kwenda maktaba, unapitia kwangu. Ukitaka kulala kwa shangazi yako wikendi moja, unapitia kwangu, na nikiwa na hasira siku hiyo, mipango ya kila mtu imekufa. Mama yako aliwahi kuacha kwenda harusi ya rafiki yake kwa sababu mimi nilikuwa nimenuna, na hata sikumbuki nilinunia nini. Niliita hilo kulinda familia. Nililiamini kabisa, na hilo ndilo linalonichoma nikilikumbuka.

Sasa nifike penyewe.

Siku tulipoipeleka programu mpya, Sista Rhoda aliifunga Foleni amefumba jicho moja. Kadi zikabaki. Akafungua, akafunga, akafungua, akafunga, anacheka peke yake. Daktari msimamizi akatoka chumbani kuona kuna nini. Akanishika mkono, akautikisa, akasema, "Fundi, hapa umefanya kazi." Wewe ulikuwa umesimama kando yangu, umeshika flashi kwa kamba yake. Nami nikafungua mdomo wangu huu nikasema, "Msichana wangu alinisaidia kidogo."

Ulitazama ile flashi. Ukazungusha kamba yake kwenye kidole mpaka ncha ikawa nyeupe. Njiani nilikununulia hindi la kuchoma, ukanishukuru vizuri, na mimi nikajiambia mtoto ameridhika.

Huku Nairobi tunalitumia neno hilo ovyo. Mtu akitaka kalamu anasema nisaidie na kalamu, akitaka chumvi anasema nisaidie na chumvi. Linafanya jambo lionekane dogo, la kupitisha mkono tu. Mimi nililichukua nikalifunika juu ya wiki mbili zako. Tena sikuishia hapo. Zahanati mbili nyingine zilipoiomba hiyo programu, nilienda peke yangu. Na katika lile dirisha dogo la Kuhusu, linaloeleza nani aliyeitengeneza, palikuwa na jina langu pekee, kwa herufi kubwa kuliko jina la programu yenyewe. Wewe uliyebadilisha kila kitu humo ndani, dirisha hilo hukuligusa. Uliliacha kama ulivyolikuta, na kila nikiliona nilisema basi, hajali.

Mwezi wa tatu ulichapisha fomu yako ya kuomba hii kazi ya Kigali. Printa ikaitafuna nakala ya kwanza, ukachapisha nyingine, ukaondoka mbio. Jioni nilifungua mgongo wa printa, nikaivuta ile iliyokwama, imekunjamana na ina wino pembeni. Nikaisoma, ndiyo, nisamehe. Mahali palipoulizwa kazi ulizowahi kufanya, uliandika: Nilimsaidia baba kidogo na programu ya zahanati.

Maneno yangu, Nafula. Hukubadilisha hata moja. Uliyapokea siku ile ukayatunza, na ulipoulizwa wewe ni nani na unaweza nini, ukayatoa kama yalivyo. Nilikaa chini palepale sakafuni kando ya printa. Nilikuwa nimekupunguza, tena kwa kipimo ulichokiamini kwa sababu kilitoka kwa baba yako.

Niliikunja fomu nikaiweka mfuko wa shati. Mama yako akaikuta alipokuwa anafua. Akaisoma, akaikausha, akaja kuniwekea mezani, akasema neno moja tu, "Sasa?" Kisha akarudi kwenye nguo zake. Kila nikimwona anaanika shati lile nilikuwa namsikia anauliza tena.

Kazi ukaipata hata hivyo. Ulitusimulia tukiwa mezani jinsi walivyokuita kwa video wakakupa mtihani, na mmoja akakuuliza ungefanya nini kama programu ina madirisha mengi na mtumiaji akafunga lile kuu. Ukasema ulijibu mpaka wakaacha kuuliza. Uliinua mabega, ukachukua mboga. Mimi ugali ulinikwama. Nilikunywa maji, nikasingizia mwiba wa samaki, na siku hiyo hatukuwa na samaki. Nilikuwa na fahari ya kupasuka, na sikuwa na ujasiri wa kuitoa mdomoni, kwa sababu ningeitoa ningelazimika kutoa na lile lingine.

Jumatatu hii, ulipoenda kuaga marafiki zako, niliifungua programu mwenyewe ili niandike jina lako kwenye Kuhusu. Nilikuwa sijaingia humo ndani tangu ulipoishika. Na ndipo nilipokuta maelezo yako. Unajua, humo ndani mtu anaweza kuandika maneno ambayo kompyuta inayaruka, ni ya binadamu tu atakayekuja baadaye. La kwanza nililokutana nalo lilisema: Baba, ukifika hapa soma polepole. Chini yake umeeleza daftari lote, kwa lugha ambayo hata siku ya uchovu ningeielewa. Mbele kidogo: Hapa usiguse bila kuniita. Nikacheka. Halafu chini zaidi, kwenye sehemu ya zamani ya kupanga wagonjwa kwa zamu: Hapa ulikuwa sahihi, nimeacha kama ulivyoandika.

Nililia, Nafula. Mchana kweupe, na mteja akiwa amesimama hapo anangoja fotokopi ya kitambulisho. Nilimwambia ni vumbi la wino. Wewe uliifanya kazi yote upya, na popote ulipokuta langu limesimama, ulinipa haki yangu kwa jina. Na mimi, nilipokuwa na nafasi ya kukupa yako mbele ya watu, nilisema kidogo.

Jumanne nikaenda Soweto East. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Nilifikiria kumwita Sista Rhoda pembeni, kisha nikakumbuka kwamba nilikunyima mbele za watu, kwa hiyo nikasimama pale kaunta nikasema kwa sauti, "Sista, hii program si mimi nilitengeneza. Ni Nafula."

Hakuinua hata uso kutoka kwenye kadi. "Tunajua."

"Mnajua?"

"Baba Nafula, kila siku tukikupigia simu unasema ngoja niulize Nafula. Kila siku. Tulijua kitambo. Ni wewe tulikuwa tunangoja."

Mama mmoja kwenye benchi alianza kucheka, benchi zima likafuata. Nilisimama katikati yao kama mtu aliyevaa shati kinyume na ameambiwa jioni. Nikaweka programu yenye Kuhusu mpya, nikamfungulia Sista aone. Jina lako, peke yake, kwa herufi za kawaida. Akalisoma kwa sauti. Kisha shingo zikaanza kurefuka kule kaunta, naye kwa mazoea akaifunga Foleni. Na Kuhusu ikaondoka nayo. Jina lako likapotea kwenye skrini mbele ya macho yetu.

Nilikuwa nimeliandika mtoto wa Foleni, mayi. Baada ya yote hayo, mkono wangu wenyewe ulirudi kwenye njia ya zamani bila kuniuliza.

Sista Rhoda alinitazama. "Hiyo sasa," akasema, "ndiyo umetengeneza wewe."

Niliomba kiti chake. Nilitafuta pale ulipoandika nisome polepole, nikasoma polepole. Nikaliandika dirisha la Kuhusu kwenye daftari lako, mpangaji kama wengine. Nilipokuwa nangoja programu iwake upya, nilikwangua kwa ukucha mabaki ya gundi ya ile ilani yangu juu ya skrini. Kisha nikaifunga Foleni. Kila kitu kikaondoka, jina lako likabaki katikati ya skrini tupu. Tuliliacha hapo kwa muda. Mzee mmoja akauliza Nafula ni nani. Nilifungua mdomo niseme ni msichana wangu, lakini Sista alinitangulia. "Ni fundi fulani wa Kawangware," akasema. Nikafunga mdomo. Sijawahi kusikia fahari kama ile, na haikuwa na mimi ndani yake hata kidogo.

Zile zahanati nyingine mbili nilizimaliza Jumatano. Nimewaambia vilevile, kwa maneno yaleyale.

Mawaidha sina, maana niliyokuwa nayo umeshayarekebisha. Ila nikwambie hofu yangu, uijue ilivyo. Nilidhani ukitoka wewe, hapa patazimika. Nilidhani nyumba ni mimi, nawe ni wangu, na mmoja akifungua mlango wote tumekwisha. Kesho utatoka, na mimi na mama yako bado tumo kwenye daftari. Balbu ya korido itawaka. Ukirudi kwa Krismasi, au kwa hasira, au kwa sababu umechoka tu, hutaanza upya kama yule mama mwenye mtoto mgongoni. Kadi yako iko wazi, tutaivuta mbele. Na ukikosea huko, maana utakosea, usiandike ilani. Nenda utazame shida iko kwa nani.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Moja ni ile fomu iliyotafunwa na printa, uichome au uitunze, ni juu yako. Ya pili ni safi, nimeichapisha leo kutoka kwenye faili yako, kwa sababu ulisema siku ya kwanza mtajaza nyingine kama hiyo. Nimeujaza mstari wa jina lako tu, nikauacha ule wa kazi ulizofanya. Huo ni wako. Usiandike kwamba ulinisaidia. Andika uliitengeneza. Na wakikuuliza baba yako alifanya nini hapo, usinifiche, waambie alisaidia.

Kidogo.

Namsikia msusi wako anacheka huko nje, bila shaka anakusindikiza. Naficha bahasha kwenye begi lako, hili uliloliacha hapa dukani, chini ya blanketi.

Baba yako, aliyefika pale akasoma polepole